Kartie za Lubumbashi: Nani Analala Wapi, na kwa Karatasi Gani?



Mwezi huu tunazungumuza juu ya nyumba. Hapa Pweto ni shida kupata familia isiyo na mutu ku Lubumbashi. Mumoja anasoma, mwingine anatumika ku kampuni, mama mwingine anauza samaki wa Mweru sokoni. Na siku hizi kuko neno moja tunalolisikia pa bandari, pa soko, hata inje ya kanisa kisha ibada: "Mutoto wetu alipata lupango mu Golf. Anaomba tumusaidie franka ya kuilipa." Familia zingine zinauza nyavu. Zingine zinauza mutumbwi pamoja na injini yake.

Hatusemi ni vibaya. Muzazi anayejengea watoto wake anafanya kazi nzuri. Lakini kabla ya kuuza injini inayolisha nyumba mbili, inafaa kujua Golf ni kartie ya namna gani, ni nani wanakaa mule, na zile nyumba zinasimama juu ya nini. Maana katika miji yetu ya madini jambo moja kubwa liligeuka, na watu wengi hawakuliona wakati lilipogeuka. Zamani nyumba ilifuata kazi. Leo nyumba inafuata karatasi.

Tuanze mbali kidogo, ili vijana wasikie vizuri.

MUJI ULIOCHORWA NA MIPAKA

Lubumbashi ilianza mwaka wa 1910, kwa jina la Élisabethville, karibu na shaba ya Étoile, pale wenyeji wanaita Kalukuluku. Mwaka ule ule reli ilifika toka kusini, na mwaka wa 1911 tanuru ya kuyeyusha shaba ikaanza kazi. Wazungu walijipimia avenyu za kunyooka, na nyumba zenye barza mbele na bustani. Nyuma ya bustani kulikuwa kijumba cha boyi, ndicho tunachoita boyeri mpaka leo. Waafrika waliwekwa upande wa kusini. Kati yao na Wazungu kuliachwa kipande cha udongo wazi, upana wake mita mamia kadhaa, ili watu wasikaribiane. Site ya Waafrika ya wakati ule ni Kamalondo ya leo, zamani iliitwa Albert. Kisha ikaja Kenya, na nyuma ya vita ya 1940-1945 zikaja Katuba na Ruashi.

Kwa hiyo tangu mwanzo kartie ilisema mutu ni nani. Ukijibu "ninakaa Kenya", yule anayekusikiliza alijua rangi yako, kazi yako na kipimo cha mufuko wako.

Na watu walitoka wapi? Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka wa 1906, iliita kwanza watumishi wengi toka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Katika miaka ya 1920 iliwatafuta Kasai, Lomami, na hata Ruanda-Urundi. Watu wa lugha nyingi namna ile walipaswa kusikilizana, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya kambi. Hiki Kiswahili chetu, kile ndugu zetu wa Tanzania wanakicheka kidogo, kilikomalia kati ya nyumba zilizopangwa mustari kwa mustari.

KAMBI: NYUMBA NA KAZI NI KITU KIMOJA

Mwanzoni kampuni ilitaka wanaume peke yao, kwa miezi michache tu. Wakachoka, wakagonjwa, wakakimbia. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha mupango: mutumishi alete bibi yake, azae, abaki miaka mingi. Ndipo kambi zikawa kama vijiji vya matofali. Kulikuwa nyumba, dispansari, masomo ya watoto, uwanja wa mupira, na poso kila juma. Wazee wetu wengi waliozaliwa kambini wanakumbuka unga, samaki na mafuta ya poso kuliko wanavyokumbuka mushahara.

Lakini kambi ilikuwa na upande wake wa pili. Mwenye nyumba alikuwa mutu yule yule mwenye kazi. Ukikosana naye kazini, umekosana naye hata kitandani. Katika Desemba 1941 watumishi wa Union Minière ya Élisabethville waligoma juu ya mushahara. Waaskari wakawapigia risasi pa uwanja wa mupira, na watu wengi wakakufa, pamoja naye Léonard Mpoyi aliyekuwa anasema kwa jina lao. Na hata siku za amani, baba akifukuzwa kazi, mama na watoto walifunga vyombo vyao.

Kisha uhuru, mwaka wa 1967, kampuni iliingia mikononi mwa Serikali, na baadaye ikaitwa Gécamines. Kambi ziliendelea, poso iliendelea. Mwaka wa 1986 shaba ilipita tani 470,000. Lakini katika Septemba 1990 sehemu ya mugodi wa Kamoto, kule Kolwezi, iliporomoka chini ya udongo. Kisha yakaja machafuko na unyanganyi wa 1991. Mwaka wa 1992 na 1993 familia nyingi za asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, na nyumba walizoziacha zikaingia mikono mingine. Tusiruke habari hiyo kwa sababu inatuletea haya. Mutu aliyekuwa jirani siku ya Jumamosi, siku ya Jumapili alikuwa pa gare na mikeka. Katikati ya miaka ile ya 1990 shaba ya Gécamines ilishuka mpaka makumi machache ya maelfu ya tani.

Mwaka wa 2003, watumishi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini kwa mupango ulioitwa "kuondoka kwa kupenda", na franka yao ilitoka kwa Benki ya Dunia. Nyumba nyingi za kampuni ziliuzwa kwa wale waliokuwa wanalala ndani. Hapo ndipo jambo liligeuka. Kwa mara ya kwanza, mutoto wa kambi akawa mwenye nyumba. Lakini hakuna mutu aliyemufundisha kwamba mwenye nyumba ana kazi ya kuandikisha. Baba wengi waliweka risiti ndani ya sanduku, wakasema, "Imeisha, ni yetu." Risiti inasema ulilipa. Haisemi kwamba udongo uko kwa jina lako.

KATUBA: NYUMBA YA JASHO

Si kila mutu alikuwa wa kambi. Mu site watu walijenga wenyewe. Mwaka wa 1932 Serikali ya Wabelgiji iliweka utawala wa pekee juu ya site za Waafrika za Élisabethville. Karibu na mwaka wa 1950 mukubwa mumoja wa Serikali, Fernand Grévisse, alianzisha utaratibu wa kumupa Mwafrika lupango na vifaa kwa mukopo, pamoja na fundi wa kumuonyesha, naye mwenyewe ajenge. Sehemu kubwa ya Katuba ilitokea namna hiyo.

Ingia leo mu lupango moja ya Katuba, utaona familia tatu ao ine. Mwenye lupango anakaa mu nyumba kubwa pamoja na wajukuu. Nyuma kuko aneksi mbili ao tatu za wapangaji. Robine ni moja, choo ni kimoja, na muti wa embe ni mumoja wa watu wote. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimefuata maisha ya nyumba hizi kwa uangalifu. Mwaka wa 1990 Bruneau na Pain walitoa atlasi ya Lubumbashi yenye ramani za kartie zake. Na tangu mwaka wa 2000, watafuta-elimu wa Observatoire du Changement Urbain walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza watu wanakula nini, wanalala wangapi, franka inatoka wapi. Jambo moja wanalotuonyesha sisi tulilijua kwa macho: mushahara ulipokatika, mama ndiye alishikilia nyumba kwa biashara ndogo pa mulango na kwa shamba mupakani mwa muji.

Vijana wengine wanadharau Katuba na Kenya. Wakiulizwa wanakaa wapi, wanasema "karibu na muji". Mutoto, usione haya. Lupango ambamo mutu wa kuuza makala na mwanafunzi wa Chuo Kikuu wanateka maji pa robine moja ni shule ambayo ukuta mukubwa hauwezi kukupa.

SASA GOLF

Golf ilipata jina lake kwa uwanja wa kucheza golf wa wakati wa Wazungu, karibu na ziwa dogo la muji. Golf ya kwanza ilikuwa na malupango makubwa, miti mirefu, na watu wachache. Kisha ikaja sheria ya madini ya 2002, na makampuni ya watu binafsi yakaingia kwa wingi. Mishahara ya dolari ikarudi kwa wale waliopata kazi. Watumishi wakubwa wa makampuni, wafanya biashara, waganga, walimu wa Chuo Kikuu na wakubwa wa Serikali wakaanza kujenga. Wengine walikodisha nyumba zao kwa wageni toka Afrika ya Kusini, Uhindi, China na Lebanoni.

Na jina likaanza kutembea. Leo kuko Golf Météo, Golf Malela, Golf Faustin, Golf Maisha, Golf Tshamalale. Jina lilitembea mbali kuliko bomba la maji. Ndiyo sababu mutoto akikuandikia "nimepata lupango mu Golf", muulize, "Golf gani?" Kuko Golf ya lami na kuko Golf ya majani.

Pembeni zaidi, komini ya Annexe inazunguka zile komini zingine sita: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na Kampemba. Ndani ya Annexe kuko Kalebuka, Kasungami, Luwowoshi, Kisanga, Kimbembe, Kasapa na zingine. Kule ndiko muji unakomalia. Wakati watu wa Kongo walihesabiwa mara ya mwisho, mwaka wa 1984, Lubumbashi ilikuwa na watu zaidi ya nusu milioni. Leo makadirio yanapita milioni mbili. Kwa hiyo zaidi ya watu watatu juu ya wane waliongezeka kisha hesabu ile, na wengi wao hawangeweza kuingia mu Kamalondo wala mu Kenya. Walikwenda pembeni.

Pembeni kule mutu ananunua lupango yenye kichuguu katikati, vile sisi tunaita kichulu. Vichulu vya Lubumbashi vinaweza kupita urefu wa nyumba. Wageni wanashangaa, lakini fundi anafurahi: udongo wa kichulu unashikana vizuri, unatoa matofali. Familia inavunja kichulu, inapiga matofali, inayachoma kwa miti ya pori, na nyumba inapanda mahali pale pale udongo ulipotoka. Manjanja yanakuja baadaye, pengine kisha miaka mitatu.

Na ni nani anakaa katika nyumba hizi kubwa zisizoisha? Mara nyingi ni zamu. Mwenye lupango yuko mahali pengine, anatuma franka kidogo kidogo. Zamu, bibi yake na watoto wao wanakaa ndani ya chumba kimoja kisicho na madirisha, wanapanda mihogo na matembele kati ya misingi. Mu avenyu moja utaona nyumba ya ghorofa yenye watu wane, na shantie yenye watu wanane. Ukihesabu nyumba, kartie ni ya matajiri. Ukihesabu watoto, ni ya wadogo.

KILA NYUMBA NI LETA YAKE

Mama mumoja aliyehamia kule alisema: "Baba Pasta, mu Golf kila nyumba ni Leta yake. Maji ni yako, kura ni yako, zamu ni yako, barabara ya mbele ni yako. Ukikosa kimoja, hakuna wa kukuitikia." Maneno yake ni ya kweli, na inafaa familia iyapige hesabu kabla ya kujenga.

Tuchukue maji. Mahali bomba halijafika, watu wanachimba kisima. Kanuni ya afya inayofuatwa katika inchi nyingi ni kwamba kisima na choo viachane mita 30. Sasa tuseme lupango yako ni mita 20 kwa 25. Toka pembe mupaka pembe, kwa mushazari, ni mita 32 tu. Utaweza kuweka choo pembe hii na kisima pembe ile, utasema umetii. Lakini jirani naye aliweka choo chake pembeni mwa ukuta, mita 4 toka kisima chako! Ukuta unazuia mwizi. Hauzuii maji machafu yanayopita chini ya udongo. Mvua inanyesha toka Novemba mupaka Aprili, vyoo vinajaa, na tumbo la watoto linaanza kusema. Kwa hiyo maji ya kisima lazima yachemushwe ao yatiwe dawa. Na majirani wa avenyu moja wakubaliane tangu mwanzo: vyoo vyote upande huu, visima vyote upande ule. Hiyo haiombi franka, inaomba tu kusalimiana.

Tuangalie tena jirani asiye mutu. Muji wetu ulizaliwa na mugodi, na migodi ingali karibu na vitanda vyetu. Mwaka wa 2009 watafuta-elimu wa Vyuo Vikuu vya Lubumbashi na Louvain, pamoja na Profesa Célestin Banza, walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi sana katika mikojo yao, watoto hasa. Mutoto anacheza mavumbini, anatia mukono kinywani. Ukinunua lupango yenye bei ndogo karibu na kiwanda, uliza bei ile inapunguzwa na nini.

Na kule Kolwezi, katika kartie Kasulo, tangu 2014 watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, mupaka ndani ya vyumba. Nyumba ikawa mugodi. Mupango wa kuhamisha watu ukafuata. Kumbukeni, ndugu: sheria Bakajika ya 1966 ilirudisha udongo na utajiri wake kwa Serikali. Haki ya kukaa juu na haki ya kuchimba chini ni vitu viwili, na kila kimoja kina karatasi yake.

KARATASI

Sisi watu wa Pweto hatuhitaji mugeni wa kutuelezea kuacha nyumba. Katika Desemba 2000 vita ilifika hapa, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Zambia. Wengi walikaa mu kambi za Kala na Mwange. Kurudi kulianza 2007. Mutu akirudi kisha miaka saba, anakuta nini? Msingi uliofunikwa na majani, ao mutu mwingine anaota moto pale. Asiyekuwa na karatasi alitegemea mudomo wa wazee, na wazee wengine walikuwa wamekufa ng'ambo.

Basi tusikilize vizuri. Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni wa Serikali, na mutu anapewa haki ya kuutumia. Ushuhuda mukubwa wa haki ile ni cheti cha uandikishaji, ile watu wanaita sertifika, inayotolewa na ofisi ya Titres immobiliers. Fishi ya lupango toka komini, barua ya mukubwa wa kijiji, karatasi ya mauzo yenye sahihi ya shefu wa kartie: hizo zote zinaweza kuwa mwanzo wa njia, lakini si mwisho wake. Na sheria ile iliongeza jambo zito: sertifika ikiisha kupita miaka 2, ni shida kabisa kuivunja. Ndiyo kusema, mutu aliyelala mahali miaka 20 bila sertifika anaweza kushindwa na mutu asiyelala pale hata usiku mumoja.

Kwa hiyo, mutoto akiomba franka ya lupango, muulize maswali haya matano, naye ajibu kwa maandiko:

1. Nani anauza, na jina lake liko kwenye karatasi gani? Ikiwa ni udongo wa familia ao wa kijiji, wenzake wote wamekubali?

2. Je, ulikwenda mwenyewe pa Titres immobiliers na pa kadastre kuuliza kama lupango hii haiko tayari kwa jina la mwingine? Usimutume komisioneri peke yake. Yeye analishwa na mauzo.

3. Majirani wanasema nini? Lala pale siku moja, unywe maji yao, uwasikilize.

4. Wakati wa mvua maji yanapita wapi? Mutu wa kuuza anapenda kuonyesha lupango katika Agosti.

5. Masomo, dispansari na soko viko mbali gani kwa miguu ya mutoto wa miaka saba?

Kwa wale wanaopanga, kuko pia sheria ya 31 Desemba 2015. Inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Bayeri wengi wanaomba sita na zaidi, na mupangaji analipa kwa sababu ya haraka. Ombeni muandikiane mapatano, na kila mutu abaki na kopi yake.

JINA LA MAMA

Sasa tunafika pahali penye machozi mengi. Baba anajenga miaka kumi. Anakufa. Kilio hakijaisha, ndugu zake wamekaa barzani wakiuliza funguo ziko wapi. Hapa kwetu, kwa Bashila na Batabwa, ukoo unafuata upande wa mama. Wengine wanasema watoto wa marehemu ni wa wajomba wao, basi nyumba ni ya wapwa wake. Kwa Waluba ni upande wa baba, lakini mwisho ni ule ule: mujane anafunga vyombo.

Kitabu cha sheria za familia cha 1987, kilichorekebishwa 2016, kinasema namna nyingine. Watoto wa marehemu wanapata robo tatu ya urizi. Robo inayobaki inagawanyika kati ya mujane, wazazi na ndugu za marehemu. Na mujane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokuwa anakaa pamoja na bwana yake. Mutoto wa kike anahesabiwa sawa na mutoto wa kiume. Wanaosoma kitabu cha Hesabu wanakumbuka wale binti watano wa Selofehadi waliosimama mbele ya Musa kuomba urizi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki. Shida hii si ya jana.

Lakini sheria inasaidia mutu mwenye ushuhuda. Ndoa iandikishwe pa komini, maana mapatano ya familia na baraka ya kanisa peke yake hazitoshi mbele ya juji. Kila mutoto awe na cheti cha kuzaliwa. Na siku ya kuandikisha lupango, baba na mama waende wote wawili, majina yao yaandikwe wote wawili. Baba wengine wanaogopa: "Nikitia jina lake, atanitawala." Baba, yeye alibeba maji ya kupigia matofali yale. Ukimuacha inje ya karatasi, unawaandalia watoto wako barabara.

KWA VIJANA

Vijana wetu, mutu akitaka kuoa siku hizi, dada wanauliza, "Anakaa kartie gani?" Ulizeni swali lingine: "Anakaa kwa karatasi gani, na wazazi wake wanakula nini wakati anajenga?" Chumba kimoja cha Kasungami chenye sertifika na kisima safi ni heri kuliko ukuta wa mita tatu mu Golf ambao kila barua ya juji inautetemesha.

Na kama familia iko na lupango hapa Pweto, anzeni hapa. Muipime, mupande miti ya mupaka, mwite majirani washuhudie, muulize njia ya kuiandikisha. Pweto nayo inakomaa. Kila mara vita na machafuko ya kaskazini yalipofukuza watu, wengine walikuja kukaa kwetu, na udongo uliokuwa wa bure sasa una bei. Wajukuu wetu watauliza tulikuwa wapi wakati bei ilikuwa ndogo.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

Jioni moja mwezi huu, mukisha kula, mufunge redio na muulizane:

– Nyumba hii iko kwa jina la nani? Karatasi zake ziko wapi, na ni nani anajua zaidi ya baba?

– Ndoa yetu imeandikishwa pa komini? Watoto wote wana vyeti?

– Baba akikufa usiku huu, mama atalala wapi kesho kutwa?

– Toka kisima chetu mupaka choo cha jirani ni hatua ngapi?

Swali la tatu ni gumu kulisema mbele ya watoto. Liulizeni hata hivyo, kwa sauti ya upole, wakati wote wangali wazima. Mwezi ujao tutazungumuza juu ya mukopo na deni la sokoni. Mubaki na amani.

Pasta wenu